Desemba Wewe ni Mtoto wa Kibosho, Januari Unakuwa Nani?

Jamani wadau, leo tuambizane ukweli. Desemba ikikaribia mjini kila mtu anakumbuka kwao. Stendi zinafurika, nauli inakuwa gumzo, na tangu treni ya abiria irudi njia ya Dar hadi Moshi Desemba 2019, hata asiye na gari hana cha kusingizia. Kisha picha zinaanza kumiminika. Huyu kashika kata ya mbege, yule yuko kwenye migomba, mwingine kasimama na bibi nje ya kanisa la misheni Kibosho, katabasamu mpaka basi. Chini ameandika: Mungu ni mwaminifu.

Picha hazina shida. Shida yangu ni Januari. Watu wale wale (majina tunayahifadhi, wenyewe mnajijua) wakishafika mjini rozari ya bibi inarudi kwenye droo. Ukimuuliza mtu habari za imani yake anacheka, anakwambia hayo ni mambo ya wazee wa kijijini. Sasa ule uaminifu wa Mungu uliouandika wiki mbili zilizopita umeisha na likizo?

Tukumbushane kidogo. Misheni ya Kibosho ilianzishwa mwaka 1893 na mapadri wa Roho Mtakatifu, miaka miwili tu baada ya Wajerumani kumpiga Mangi Sina. Waliopokea imani ile walikuwa wametoka kwenye vita. Hata kabla ya hapo, Wachagga walikuwa wakimwita Mungu Ruwa, neno lile lile la jua. Na jua halisubiri sikukuu, wadau. Linachomoza hata ile Jumatatu ya mwezi wa nne, mvua inanyesha, mlima wote umemezwa na mawingu.

Nadhani tunapokosea ni kwenye kipimo. Mjini tumezoea kuupima uaminifu wa Mungu kwa gari jipya, dili la tangazo, viza. Dili likibuma, tunasema Mungu kanyamaza. Lakini angalia kihamba. Mkahawa ukiupanda leo unasubiri kama miaka mitatu ndiyo uanze kuzaa. Bei ya kahawa ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapo waliokata tamaa wakang'oa mibuni. Watoto hawakufa njaa, kwa sababu migomba ilikuwepo. Mama alibeba ndizi sokoni, akauza maziwa, ada ikalipwa kidogo kidogo. Hakuna aliyesimama kanisani kutoa ushuhuda wa mkungu wa ndizi. Lakini watoto wale ndio sisi, leo tuna simu kali na tunauliza Mungu yuko wapi.

Hata Waisraeli jangwani walipewa mana ya siku moja moja. Aliyejaribu kulimbikiza, ikaoza. Kama leo umeamka, umekula na kodi imepatikana kwa kuungaunga, basi umeshapata yako ya leo.

Najua mtaniambia mjini pagumu, na kazi za kutafuta jina zina mambo yake. Kweli kabisa. Ndiyo maana unahitaji kujua wewe ni nani kabla wafuasi wako hawajakuamulia. Jina la kisanii wanaweza kulishusha kwa wiki moja tu. Jina ulilobatizwa nalo hawana mamlaka nalo.

Wazee wetu walichimba mifongo kuleta maji kutoka mlimani mpaka vihambani. Maji yapo, ila mfongo usiposafishwa unaziba, na kuusafisha ni kazi ya kurudia rudia. Imani nayo iko hivyo. Sali asubuhi kabla hujashika simu. Mwambie mteja ukweli. Mpigie bibi mwezi wa pili, siyo Desemba tu. Kama kuna ndugu uliyemkosea, kumbuka kwetu mtu alipeleka jani la sale kuomba msamaha, na aliyepelekewa hakutakiwa kulikataa. Kwa Mungu ndiyo kabisa, hajawahi kukataa sale la mtu.

Kwa hiyo Desemba nendeni, pigeni picha, kunyweni mbege kwa kiasi. Ila bibi anayekuombea kila alfajiri hajui una wafuasi wangapi. Anakutaja kwa jina lako la ubatizo. Siku akiondoka, nani atabaki anakukumbusha hilo jina?