Harufu ya ndimu na mti

Huku kwetu Bunyakiri joto linazidi la Bukavu, na marashi mazito yanamchosha hata aliyeyatia. Kwa siku za kazi na za soko la Bulambika tunapenda marashi mepesi, yenye harufu ya ndimu au chungwa pamoja na ya mti. Chupa ndogo inatosha, na bei yake isile feza ya chumvi na sabuni.

Sokoni tusinunue kwa kunusa mara moja. Harufu ya ndimu inatangulia na kuondoka upesi. Ya mti ndiyo inayobaki. Mwombe muuzaji akupulizie kidogo kwenye kitambaa, uende kununua mihogo, kisha unuse tena. Harufu iliyobaki ikikupendeza, rudi ulipe.

Lakini tuangalie ngozi. Mafuta ya maganda ya ndimu yakikaa mwilini na jua likipiga, yanaweza kuunguza na kuacha madoa meusi. Hata maji ya ndimu yenyewe yanafanya vilevile. Kwa hiyo tuyatie kwenye nguo, si shingoni wala mikononi. Na si kwenye kikwembe cha kubebea mtoto. Mtoto mchanga hahitaji marashi.

Chupa tuiweke juu, watoto wasiifikie, na mbali na mbabula: ina alkoli, inashika moto upesi.

Na kabla ya yote tuoge. Marashi hayaondoi jasho la jana.