Simu Inapovuka Namanga

Mwezi Januari 1967, wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU walipokutana mjini Arusha, waliorodhesha njia kuu za uchumi ambazo hazina budi kuwa mikononi mwa wananchi kwa kupitia Serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Pamoja na ardhi, misitu, madini, umeme na mabenki, zilitajwa njia za mawasiliano. Wakati ule simu ilikuwa chombo cha wachache. Mkulima wa Nkoaranga hakuwa nayo, wala hakutarajia kuwa nayo. Mwalimu aliyetaka kumpasha nduguye wa Tabora habari ya msiba alikwenda posta kupeleka telegramu, akayapima maneno yake kwa sababu kila neno lililipiwa. Pamoja na uchache huo wa simu, wajumbe wale waliona mbali kuliko wengi waliokuja baadaye wakiwa na shahada za uchumi.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Arusha ikawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililokuwa moja ya mashirika manne ya Jumuiya, liliwekewa makao yake makuu Kampala. Basi kuvuka mipaka kwa simu si jambo lililoletwa na wafanyabiashara wa zama hizi. Palikuwa na shirika moja la umma lililozihudumia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na faida yake haikuwa ya tajiri yeyote. Lilikuwa na kasoro zake, na ugomvi juu ya fedha zilizolimbikizwa upande mmoja ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoitia Jumuiya ufa hadi ikavunjika mwaka 1977. Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu. Tarehe 1 Januari 1994 shirika hilo nalo likagawanywa, posta huku na simu huku, na kampuni ya simu ikaitwa TTCL.

Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia. Mwaka 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa ubia wa makampuni mawili: MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Nusu yake ililipwa, na nusu ya pili ikawa ugomvi wa mahesabu. Pamoja na hisa hizo wageni walikabidhiwa uendeshaji, na mwisho wa mwaka huo ikazaliwa ndani ya TTCL kampuni ya simu za mkononi iliyoitwa Celtel Tanzania. Mwaka 2005 mtoto akatenganishwa na mzazi. Celtel ikasimama peke yake, asilimia 60 ikiwa mali ya wageni na asilimia 40 ikibaki kwa Serikali. TTCL ikaachiwa nyaya za shaba zilizoning'inia juu ya nguzo, ambazo wezi walikuwa wakizikata usiku kwenda kuziuza.

Baada ya hapo mtoto huyo alibadili baba kama mtu abadilivyo shati. Mwaka 2005 Celtel yote ya Afrika ilinunuliwa na MTC ya Kuwait kwa dola zipatazo bilioni 3.4. Mwaka 2008 jina likawa Zain. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikainunua Zain ya nchi 15 za Afrika kwa thamani ya dola bilioni 10.7. Ni kweli kwamba katikati ya mauzo hayo fedha nyingi zilitiwa kujenga minara, na nchi nyingine ziliongezwa, Nijeria ikiwa mojawapo. Hata ukiyatoa hayo yote, hapana ubishi kwamba mali ilikua upesi mno, na ilikulia nje ya mikono ya mzazi. Kwa upande wa mzazi hesabu ni ya kusikitisha: mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena zile asilimia 35 za TTCL kwa shilingi bilioni 14.9, fedha zisizotimia dola milioni 7 kwa thamani ya wakati ule. Hisa zilizolipiwa dola milioni 60, na ambazo bei yake kamili ilitakiwa kuwa maradufu, zilirudi nyumbani zikiwa zimekauka. Mwalimu yeyote wa hesabu anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hilo, nao wakajua bila kuambiwa maziwa yalikuwa ndani ya kibuyu kipi.

Lakini jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni asili ya hao walionunua. Katika miaka ya 1990 Waafrika walihubiriwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine kwamba Serikali haifai kufanya biashara, na kwamba shirika la umma kwa maumbile yake ni zigo. Mahubiri hayo yaliaminiwa na baadhi ya wasomi wa hapa kuliko yalivyoaminiwa na wahubiri wenyewe. Detecon ilikuwa kampuni tanzu ya Deutsche Telekom, na Deutsche Telekom ilizaliwa kutokana na posta ya Serikali ya Ujerumani, ikaandikishwa kuwa kampuni ya hisa mwaka 1995 tu, yaani miaka sita kabla ya kuja kwetu kufundisha ubepari. MTC ya Kuwait ilianzishwa mwaka 1983, na Serikali ya nchi hiyo ilikuwa mwanahisa mkubwa. Jirani yetu Kenya, mwaka 2007, iliuza asilimia 51 ya Telkom Kenya kwa ubia ulioongozwa na France Télécom, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa idara ya Serikali ya Ufaransa. Hata TTCL yenyewe, ubia wa kwanza ulipoharibika, mwaka 2007 ilikabidhiwa kwa mkataba wa uendeshaji kwa SaskTel International, tawi la shirika la umma la jimbo la Saskatchewan huko Kanada. Mkataba huo ulikatishwa kabla ya muda wake.

Maana yake ni nini? Ni kwamba walioingia Afrika wakiwa na mifuko minene hawakuota kama uyoga katika soko huria. Walilelewa na kodi za wananchi wao, wakalindwa wasishindane na mtu kwa miongo mingi, wakajengewa mitandao hadi vijijini kwa fedha za umma. Walipokomaa ndipo walipofunguliwa mlango waende kuwinda ng'ambo. Nchi zilizowapokea ziliambiwa ziuze mashirika yao yakiwa bado yananyonya. Huo haukuwa ushindani. Ilikuwa mechi kati ya timu ya watu wazima na timu ya shule ya msingi, na mwamuzi alikuwa ametoka upande mmoja.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kulilia mambo yaliyopita, na kwamba kabla ya wageni mtu aliomba simu akangoja miaka. Ni kweli, na ingekuwa unafiki kuficha. Chini ya shirika la umma mstari wa simu ulikuwa hisani, aliyekuwa na jamaa ofisini aliupata, na asiyekuwa naye alizeeka akingoja. Simu ilipokufa ikiwa mezani mwa mkuu wa idara, fundi alionekana baada ya kubembelezwa. Leo mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, anaulizia bei ya soko la Kilombero kabla hajapakia tenga hata moja, na malipo yake yanamfikia katika simu hiyo hiyo. Hilo halikuletwa na semina. Liliwezekana kwa sababu teknolojia ilibadilika, na kwa sababu makampuni yaliyoogopana yalikimbilia wateja. Ngarenanyuki ndiko Wameru walikoondolewa kwa nguvu na wakoloni mwaka 1951 ili ardhi ipewe walowezi, hata Ndugu Kirilo Japhet akasafiri mwaka 1952 hadi Umoja wa Mataifa, New York, kupeleka kilio chao. Watu waliolazimika kuvuka bahari ili wasikilizwe hawahitaji kuelezwa thamani ya mawasiliano. Wanachoweza kuuliza ni kwa nini faida yake ivuke bahari pia.

Serikali ilikwisha kuuliza swali hilo. Baada ya mabishano juu ya umilikaji, mwaka 2019 ilikubaliana na Bharti kwamba hisa zake katika Airtel Tanzania zipande kutoka asilimia 40 hadi 49, na deni ambalo kampuni ilidaiwa na wenye mali lifutwe. Ni hatua ya heri. Lakini asilimia 49 si 51, na mtendaji yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha bodi anajua umbali uliopo kati ya namba hizo mbili.

Sasa zamu imegeuka. TTCL, iliyorudi kuwa shirika la umma kwa sheria ya mwaka 2017, ndiyo iliyokabidhiwa kuendesha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na mkongo huo unafika katika mipaka: Namanga kuelekea Kenya, Mutukula kuelekea Uganda, Rusumo kuelekea Rwanda, Kabanga kuelekea Burundi, Tunduma kuelekea Zambia, Kasumulu kuelekea Malawi. Nchi zisizo na bahari zinahitaji njia ya kufikia nyaya zilizolazwa baharini, na Tanzania inayo pwani. Imetangazwa pia mipango ya kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo. Shirika lililouzwa kama mbuzi mgonjwa sasa linataka kuwauzia majirani.

Hilo ni jambo jema, nalo linafaa kuungwa mkono. Lakini kwenda nje kuna gharama zake. Safaricom ya Kenya, ambayo nayo ilichipuka ndani ya shirika la posta na simu la Serikali, ilipokwenda Ethiopia ilikuwa na mtaji na washirika wakubwa. Leseni peke yake iligharimu dola milioni 850 mwaka 2021, huduma ikaanza Oktoba 2022, na Julai 2024 sarafu ya Ethiopia ilipoachiwa ishuke, hasara ikapanda. Safaricom iliweza kustahimili kwa sababu nyumbani ilikuwa na mamilioni ya wateja wanaolipa kila siku. TTCL haina mto huo wa kuegemea. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za miaka ya karibuni zimeitaja miongoni mwa mashirika yaliyopata hasara. Na hapa watumishi wa umma wasijifanye watazamaji. Ni lawama ya siku nyingi kwamba ofisi za Serikali hutumia simu na intaneti za shirika hilo kisha ankara zikalala katika majalada. Mkuu wa idara anayelalamikia uduni wa TTCL huku hajalilipa ni sawa na mtu asiyemlisha ng'ombe wake kisha akamtukana kwa kukosa maziwa.

Tena kuna suala la nyumbani. Barabara ya kutoka Arusha kwenda Namanga, yapata kilomita 110, hupita Ngaramtoni, Oldonyo Sambu na Longido, ikiuzunguka Mlima Meru kwa magharibi. Mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 hauruhusu mawimbi ya simu kupenya. Palipo na kivuli chake, au makorongo marefu, simu hushika kwenye kilima na kukatika bondeni. Mwalimu Mkuu wa siku hizi huandikisha watahiniwa katika mfumo wa PREM. Mwalimu wa darasa hujaza kazi zake katika PEPMIS. Mtandao ukikosekana, muda hupita na lawama humwangukia yeye. Agosti 2022 TTCL ilipeleka intaneti Mlima Kilimanjaro hadi Horombo, mita 3,720 juu, ili mtalii atume picha zake akiwa njiani kuelekea kileleni. Kazi ile ilikuwa ya ustadi, na utalii huleta fedha za kigeni. Lakini fundi aliyeweza kufika Horombo hawezi kushindwa kufika shule iliyo kilomita chache kutoka barabara ya lami.

Bunge lilikwisha kutunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006, na makampuni yote huchangia. Fedha za kupitisha mawasiliano ya majirani katika Mkongo wa Taifa zingeweza kuunganishwa na kazi hiyo. Kwa kila mkataba unaotiwa saini wa kuuza uwezo wa mkongo nje ya nchi, sehemu iliyotajwa kwa asilimia itengwe kwa ajili ya shule na zahanati zilizo kando ya njia ya mkongo huo, na itajwe ndani ya mkataba wenyewe, isiachwe kwa hisani ya bodi. Mikataba hiyo isifichwe. Ule wa mwaka 2001 wananchi waliujua vizuri ulipokwisha kuharibika, na wengi waliouandaa hawakuulizwa chochote.

Makao makuu ya Jumuiya mpya yapo Arusha tangu mkataba ulipotiwa saini mjini humo mwezi Novemba 1999. Wabunge wa Afrika Mashariki hukutana katika mji uleule ambamo mawasiliano yalitajwa kuwa njia kuu ya uchumi. Wanazo nchi nane sasa, na karibu kila moja inaendesha au imewahi kuuza shirika lake la simu. Kenya imesonga mbele Ethiopia, Tanzania inaelekea Kongo, na hakuna aliyeuliza kama mashirika ya umma ya nchi hizi yanaweza kuvuka mipaka pamoja badala ya kukutana huko nje yakiwa washindani, huku Airtel na Vodacom zikitazama. Suala hilo halijapelekwa mbele ya Bunge hilo, na mwenye haki ya kulipeleka ni mjumbe yeyote, wa Tanzania akiwemo.