Mwacheni Mtoto Akamwone Nyoka



Muhula uliopita niliwaandikia wazazi wa madrasa yetu hapa Kigali, nikiomba ruhusa ya kuwapeleka watoto Makumbusho ya Kandt. Ni nyumba ya ukumbusho wa yule Mjerumani, Richard Kandt, aliyeanzisha mji huu mwaka 1907, na mbali na habari za kale wamewekwa pale nyoka hai. Kutoka Biryogo ni mwendo wa miguu. Barua zikarudi, karibu nusu ya wazazi wamekataa. Mmoja akaandika kuwa nyoka ni adui, Mtume (s.a.w.) ameamrisha auawe, sasa mtoto anapelekwa kumtazama wa nini?

Namjibu hapa hapa, kwani najua hayuko peke yake.

Ni kweli nyoka huuliwa, hata mtu akiwa ndani ya swala. Lakini ndugu yangu, mbona hukusoma mbele? Katika Sahihi Muslim imo habari ya kijana aliyekuwa ametoka kuoa, akamkuta nyoka kitandani kwake, akamchoma mkuki, wakafa wote wawili. Baada ya hapo Mtume (s.a.w.) akafundisha kuwa nyoka wa majumbani wapewe onyo siku tatu kwanza. Dini iliyoweka utaratibu hata katika kumuua nyoka, wewe unaifanya kisingizio cha kutomjua! Wengi wetu, nami nikiwemo, kila chenye mwili mrefu tunakipiga fimbo, hata yule asiye na sumu anayetulia panya wetu.

Basi tuseme umemuogopa sana. Hebu tujiulize, hiyo hofu imetufundisha nini? Mtoto akiumwa tunafunga mguu kwa kamba, tunachanja kwa wembe, tunabandika jiwe jeusi, na saa zikishapita ndipo tunatafuta gari. Mganga anasifiwa kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mgonjwa huyo angepona hata kwa maji ya mtungi. Lakini akiumwa na kifutu, ambaye hapa tunamwita impiri, na sumu ikaingia, jiwe halifanyi kitu, na kamba yaweza kumpotezea mguu. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, afikishwe hospitali haraka. Dua isomwe njiani, hakuna aliyeikataza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni watu wa vijijini, wakulima na watoto. Na sisi wa mjini likizo ikifika tunawapeleka watoto wapi, kama si shambani kwa bibi?

Lawama nyingine ni yenu mnaoandaa maonyesho ya nyoka, popote mlipo. Watoto wapige kelele, wapigwe picha, warudi nyumbani! Mtoto anatoka anajua chatu ana urefu gani, hajui afanye nini mdogo wake akiumwa. Hiyo ni sarakasi, msiiite elimu.

Barua ya pili nitaitoa Jumamosi baada ya darasa. Anayemhofia mwanawe na aje naye, tutasimama pamoja nyuma kabisa, maana mimi mwenyewe nyoka bado ananitetemesha.