Intasepta siyo mlinzi wa getini!

Leo nina ugomvi na nyie wenzangu mnaoandika miradi kwa Java.

Kuna kaugonjwa kanasambaa. Mtu akiandika intasepta tu, anataka kuiingizia HttpServletRequest ili ajue IP ya mtumiaji. Ikigoma kwa @Context, analitumbukiza ombi zima kwenye ThreadLocal, halafu anatamba eti imekubali. Jamani! Imekubali kwenye laptop yako.

Tangu Java EE 5 ya mwaka 2006, intasepta inakaa kabla ya metodi ya kazi yenyewe. InvocationContext inaipa metodi inayoitwa, vigezo vyake na mambo machache ya namna hiyo. Habari za brauza haihusiki nazo, na kuna sababu: metodi ileile inaweza kuitwa na taima ya seva usiku wa manane, au na ujumbe wa JMS. Hapo ombi la HTTP litoke wapi?

Mtaniambia CDI 1.1 ya mwaka 2013 imeruhusu @Inject HttpServletRequest. Kweli kabisa. Lakini pasipo ombi, ukiigusa inakurushia kosa. Angalau hiyo inapiga kelele. ThreadLocal inanyamaza. Seva haiui thredi baada ya ombi, inaitumia tena. Usipofuta, ombi lingine lisilopita kwenye filta yako likiangukia thredi hiyo, linakuta jina la mtu wa mwanzo.

Sasa sisi walimu watarajiwa tufikiri. Mfumo wa matokeo unaandika nani kabadilisha alama. Kumbukumbu inamtaja mwalimu aliyekuwa kwake kalala. Atajitetea vipi, na kompyuta imeshasema?

Dawa ipo na wala siyo ngumu. Anayekaa getini ni filta ya sevleti. Ichukue IP, iiweke kwenye kibini kidogo cha @RequestScoped, na intasepta isome humo. Jina la mtumiaji liulizwe kwa getCallerPrincipal ya SessionContext kama unatumia EJB. Kibini kikiwa kitupu, andika "mfumo", usimsingizie mtu.

Hata leo inapoitwa Jakarta EE, hoja ni ileile: peleka ndani unachohitaji tu, ombi libaki mlangoni.

Mnaobisha, tukutane kantini. Chai mnalipa nyie!