Bogenvilia Haitaki Huruma Yako

Nitasema hivi na najua kuna watu watanuna: kama unaishi Machakos na bado unaota kapeti ya nyasi mbele ya nyumba, kama ile uliona kwa video ya mtu wa Karen, hiyo ni ndoto ya mtu mwingine. Mmea wa kwetu ni bogenvilia. Shida ni kwamba wengi wetu tunainunua vibaya, halafu tunaiua kwa mapenzi.

Tuanze na hesabu, maana maji huku si mambo ya mzaha. Kuna mitaa watu wanangoja siku ya mfereji, na siku hiyo ikipita mikavu unaita mtu wa mkokoteni akuletee mitungi. Sasa chukua uwanja mdogo tu, mita 5 kwa 10. Nyasi kwenye jua kali zinataka kama milimita 25 za maji kwa wiki ndio zibaki kijani. Hiyo ni lita 1,250. Kwa mtungi wa lita 20, ni mitungi 62 na nusu. Kila wiki! Zidisha na bei ya mtungi mtaani kwenu, kisha uniambie hizo nyasi zinakusaidia kulipa kodi ya nyumba ama vipi.

Bogenvilia iliyopandwa juzi inatosheka na kama nusu mtungi kwa wiki. Ikishamaliza msimu mmoja au miwili na mizizi imezama, mvua inafanya kazi kubwa, na wewe unaisaidia tu kiangazi kikizidi. Hiyo tofauti ya mitungi ni pesa, na ni mgongo wa mtu, mara nyingi dadako mdogo anayetumwa na mtungi.

Sasa twende nasari. Ukifika pale kando ya barabara, macho yanakimbilia ile imewaka rangi mwili mzima. Muuzaji anajua hivyo, ndio maana ameiweka mbele. Lakini ile rangi unayolipia si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vijineli vyeupe vidogo katikati, ambavyo wengi hata hawajawahi kuviangalia. Hayo majani ya rangi yataanguka tu, leo ama wiki ijayo, hasa mche ukirushwarushwa kwa boda mpaka nyumbani. Kwa hivyo usinunue rangi, nunua mmea. Angalia shina kama ni imara, angalia kama kuna machipukizi mapya, na uangalie chini ya karatasi. Ukiona mizizi imejizungusha kama waya wa chaja ndani ya mfuko, huo mche umekaa hapo sana. Mche mdogo wenye tawi moja lililotoa rangi unatosha, kwa sababu unakuonyesha ni rangi gani unabeba, na bei haikuumizi.

Na kama mfuko umetoboka, omba. Nenda kwa jirani mwenye ua lililojaa, piga hodi, sema, "Shikamoo mama, naomba kijiti cha hili ua lako." Ukiomba kwa heshima, ni nadra sana unyimwe kijiti. Chagua tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya kifundo, toa majani, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini na uhakikishe unyevu haupotei. Subiri kama miezi miwili ama mitatu. Usikichomoe kila Jumamosi kuangalia kama kimeota! Chomeka vijiti vitano, maana si vyote vitashika.

Sasa hapa kwa mapenzi. Bogenvilia ni kama yule binamu akikaa kwenu bila kazi ananenepa tu. Ukiimwagia maji asubuhi na jioni, ukiirundikia mbolea ya ng'ombe kila mwezi, itakupa majani ya kijani mpaka ushangae, na rangi hutaiona. Inatoa rangi vizuri ikikaa juani saa sita au zaidi kwa siku, na udongo ukikauka kati ya maji na maji. Ukame kidogo ndio unaiambia ichanue. Kwa hivyo ukiiona imesinyaa kidogo saa nane mchana, tulia. Gusa udongo kwanza. Kama vidole viwili chini bado kuna unyevu, rudi ndani.

Wakati wa kupanda, kata karatasi polepole na uingize mche shimoni na udongo wake wote. Mizizi yake ni laini, haipendi kutikiswa. Ikianza kurefuka ifunge kwa kamba kwenye ukuta ama seng'enge, kwa sababu haina mikono ya kujishikilia kama mpasheni. Ikimaliza kuchanua, ipunguze. Rangi inayofuata inatokea kwenye matawi mapya. Ukiogopa kukata, utabaki na kichaka.

Najua majibu yenu. "Ina miiba." Ndiyo, na hiyo miiba ni ulinzi usiolipwa mshahara. Vaa glavu unapokata, na usiipande pale watoto wanapita wakikimbia. "Inachafua uwanja." Kweli, utafagia. Lakini kufagia ni bure.

Kuna swali moja ninaloliheshimu zaidi: kwani hii si mmea wa kigeni? Ni wa kigeni, asili yake ni Amerika Kusini. Jina limetoka kwa nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake ulifika Rio de Janeiro mwaka 1767. Aliyeiandika kwenye madaftari ya sayansi ni Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea wa ule msafara. Msaidizi wake, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyevaa kama mwanaume, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli za jeshi la Ufaransa, na wapo wanaoamini kwamba aliyeuchuma huo mmea ni yeye. Manze, hiyo ni filamu nzima. Lakini nyasi za kapeti zenyewe zinakunywa kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi nasema hivi: bogenvilia ikae mbele kwa ukuta, na kama una nafasi nyuma, panda mukau. Huo ni mti wa Ukambani kabisa, unavumilia ukame, na mbao zake zinauzika.

"Mimi nimepanga, sina uwanja." Afadhali hata, kwa sababu hii inaweza kuishi kwenye ndoo. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, toboa mashimo kadhaa chini, weka kokoto, udongo na mchanga. Mizizi ikibanwa kidogo haijali, tena inachanua zaidi. Na siku mwenye ploti akipandisha kodi, unabeba ndoo yako unaenda nayo. Nyasi utamwachia yeye.

Kwa Ukambani mvua ya kutegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Disemba. Kwa hivyo chimba shimo Septemba, tafuta mche ama kijiti mapema, na mvua ya kwanza ikinyesha, panda. Maji ya wiki chache za kwanza yatakuwa yametoka juu. Mengine mpe mamako apikie.