Saa ya dunia imeandikwa kwenye mawe ya Baringo

Juma lililopita binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa shule ya sekondari, alibisha mlango akiwa na daftari mkononi. Yeye na babake walikuwa wamebishana wakati wa chajio. Baba alisema ukame na mafuriko ya siku hizi si mambo mageni, kwani hali ya hewa imekuwa ikigeuka tangu zama za zama. Binti alishikilia kwamba ni makosa ya binadamu. "Mzee, nani kati yetu amesema kweli?" akaniuliza.

Nilimjibu kuwa babake alikuwa na nusu ya ukweli, na kwamba nusu hiyo imeandikwa kwenye mawe ya nchi yetu wenyewe.

Chini ya Milima ya Tugen, huko Baringo, kuna matabaka ya mawe meupe, mepesi mfano wa chaki. Mawe ya aina hiyo ndiyo yanayochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Yametokana na diatomu, vimea vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho matupu. Vinapokufa, magamba yao huzama na kurundikana chini ya ziwa. Kwa hivyo palipo na tabaka nene la mawe hayo, jua kwamba hapo zamani palikuwa na ziwa lenye kina.

Ajabu ya Baringo ni kuwa matabaka makubwa ni matano, na kati ya moja na jingine kuna mchanga na changarawe zilizoletwa na mito. Maana yake, ziwa lilijaa, likakauka, likajaa tena. Wataalamu walipima umri wa majivu ya volkano yaliyomo humo, wakapata kuwa hayo yalitukia kati ya miaka milioni 2.7 na milioni 2.55 iliyopita. Kutoka ziwa moja hadi jingine ilipita miaka kama 23,000. Ni nani aliyekuwa akihesabu kwa makini hivyo?

Jibu liko angani. Mtazame mtoto anapocheza pia. Pia huzunguka kwa kasi, lakini kichwa chake nacho huyumba na kuchora duara taratibu. Dunia hufanya vivyo hivyo. Aidha, njia yake ya kulizunguka jua si duara kamili. Siku hizi tunalikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, tukiwa umbali wa kilomita milioni 147, na Julai tunakuwa mbali zaidi, kilomita milioni 152. Kwa sababu ya kule kuyumba, tarehe hizo husogea polepole. Miaka kama 11,000 iliyopita, dunia ilikuwa karibu na jua mwezi wa Julai. Bara la kaskazini likapata joto kali zaidi wakati wa kiangazi chake, likavuta pepo zenye unyevu kutoka baharini, na mvua zikawa tele. Sahara ikaota nyasi, na Ziwa Turkana likapanda zaidi ya mita 70 juu ya kiwango cha leo, hata likafurika hadi kwenye Mto Naili.

Mwinamo wa dunia nao hubadilika kila miaka 41,000, na umbo la njia yake katika muda wa miaka kama 100,000. Aliyezipiga hesabu hizi kwa kalamu na karatasi alikuwa Mserbia Milutin Milanković. Sehemu ya kazi hiyo aliifanya Budapest, akiwa amezuiliwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wengi hawakumwamini. Alifariki mwaka wa 1958, na ilipofika 1976 ndipo tope lililochimbuliwa chini ya Bahari ya Hindi lilipoonyesha kwamba vipindi vya barafu vilifuata hesabu zake.

Sasa turudi kwa baba na bintiye. Ni kweli hali ya hewa hugeuka yenyewe, lakini saa inayoigeuza ni ya kobe. Umri wa mzee wa miaka 80 ni sehemu moja tu kati ya karibu 290 za mzunguko wa miaka 23,000. Lakini joto la dunia limepanda kwa zaidi ya nyuzi moja tangu mwisho wa karne ya 19. Saa ya kobe haiwezi kukimbia hivyo. Hewa iliyonaswa ndani ya barafu ya kusini mwa dunia yaonyesha kuwa kwa miaka 800,000 gesi ya kaboni dayoksaidi haikuzidi sana sehemu 300 kwa kila milioni. Leo zimepita 420, nasi twajua moshi huo unatoka wapi.

Kwa hivyo, baba amesema kweli kuhusu jana, na binti amesema kweli kuhusu leo. Yale mawe meupe yatufunza jambo jingine pia: badiliko dogo tu la joto la jua lilitosha kukausha ziwa zima. Ikiwa msukumo mdogo, tena wa polepole, ulifanya hayo, tusiudharau ule tunaoutia wenyewe kwa haraka.

Ukipita Gilgil na watoto, waonyeshe weupe wa Kariandusi, uwaambie hapo palikuwa na maji. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.