Tununue Madini Gani?

Siku ya kufungua shule muhula huu nilipita mjini Arusha na fedha alizonipa baba ninunue madaftari. Katika duka moja niliona kopo la vidonge vya kalsiamu, na mwuzaji akaniambia kwamba kwa mwezi mmoja vitayang'arisha meno yangu. Nami, kama wengi wetu tuliokulia chini ya Mlima Meru, nina meno ya rangi ya kahawia, na nikipigwa picha hufumba mdomo. Nikanunua. Sasa vidonge vimekwisha, meno ni yale yale, na hesabu zangu naziandika katika kurasa zilizobaki za daftari la mwaka jana.

Mwalimu wetu wa Biolojia hakunicheka. Alinieleza kwamba miamba ya volkano ya mlima wetu ina floraidi, nayo maji huibeba mpaka katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya sehemu nyingi za huku yanapita kipimo hicho. Madoa huingia utotoni, jino likiwa bado lajengwa ndani ya ufizi. Likishaota, hakuna kidonge cha kuyaondoa. Basi ugonjwa wetu haukutokana na upungufu, umetokana na wingi. Nami nilikwenda kununua dawa ya upungufu!

Kwa hiyo shauri langu ni hili: kabla mtu hajanunua madini, aulize kwanza amepungukiwa na nini. Madini joto yatufaa sote, maana hukinga rovu. Lakini yamo katika chumvi iliyotiwa madini hayo, na bei yake ni ndogo. Madini chuma huwafaa waliopungukiwa na damu, na mama wajawazito hupewa kliniki. Msichana anayeona kizunguzungu na aende zahanati apimwe, asijitibu dukani. Sisi wengine tule maharage, mboga za majani na dagaa, na chai tuinywe baadaye, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini.

Wako watakaosema, "Kidonge kimoja kina dhara gani?" Nawajibu: kimenila madaftari manne.

Wazazi wetu wapendwa, nanyi nina neno kwenu, kwa heshima. Magadi tunayotia katika maharage na makande yana floraidi pia. Afadhali maharage yalowekwe usiku kucha. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji ya mvua ni bora zaidi, na kule Ngurdoto kituo cha Serikali kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe huweza kuichuja.

Mdogo wangu ana miaka miwili. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, na kila kikombe anachokunywa kina sehemu yake. Mimi nimekwisha chelewa, lakini yeye bado. Baba, ukisoma haya, fedha za madaftari nisamehe. Na muhula ujao, badala ya kuninunulia lo lote, tuweke bati na pipa la kukingia mvua.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne